Kifaa cha ultrasaundi cha kupunguza mnato wa mafuta mazito ya boila: kuna ukweli hapa?

Mwanaboila, Tanga. Jumanne, saa 2:40 usiku

Wakuu, habari za usiku. Nina jambo linaninyima raha, naomba waliozoea mafuta mazito wanisaidie kabla bosi hajasaini.

Mimi ni fundi wa boila kiwandani hapa Tanga. Tunachoma HFO, yaani mafuta mazito, ile ya sentistoki 180 ikipimwa kwenye nyuzi 50 (sentistoki ni kipimo cha mnato; zikiwa nyingi, mafuta ni mazito zaidi). Mafuta yanakaa tangi kubwa la nje, yanashuka kwenye tangi dogo lenye koili ya mvuke, halafu yanapita hita ya umeme ndipo yafike kwenye kichomeo. Kazi ikichanganya tunachoma kama lita 200 kwa saa. Taabu yetu kubwa ni Jumatatu alfajiri. Boila imelala tangu Jumamosi, mvuke hakuna, mafuta yamekaza, pampu inalia, na mimi nahangaika na hita ya umeme peke yake mpaka tupate mvuke wa kwanza. Mwezi wa sita na wa saba ndiyo usiseme.

Sasa amekuja muuzaji na kifaa cha ultrasaundi. Kinafungwa kwa nje kwenye bomba letu la nchi 2 na nguvu yake ni wati 500. Anasema mawimbi yanakata molekuli ndefu za mafuta, mnato unashuka na haurudi tena, kwa hiyo hita tutaizima moja kwa moja. Na hakuishia kwenye maneno. Alikuja na kifaa kingine cha mezani, fimbo ya chuma ya wati 200, akaichovya kwenye jagi la kioo lenye nusu lita ya mafuta yetu wenyewe, niliyoyachota mimi tangini. Dakika 5 tu. Mwanzoni mafuta yalikuwa yananing'inia kwenye kijiko. Baada ya hapo yalimiminika karibu sawa na dizeli. Bosi ameona kwa macho yake na mimi nimeona.

Naomba kujua: hii ni sayansi ya kweli? Na kama ni ya kweli, mbona meli na mitambo mikubwa ya kufua umeme bado wanachemsha mafuta? Kifaa kimoja kinauzwa bei ya kununulia hita kadhaa mpya.

Binti wa Maabara, Dar es Salaam. Jumanne, saa 4:05 usiku

Kaka, sayansi yenyewe ni ya kweli, usimwite mtu tapeli mapema.

Ultrasaundi ni sauti iliyopita uwezo wa sikio la binadamu, kuanzia kilohezi 20, yaani mitetemo elfu 20 kwa sekunde, kwenda juu. Ile ya hospitali inatumia megahezi kadhaa na nguvu ndogo, inaingia mwilini na kurudi na picha bila kudhuru kitu. Inayotumika kwenye mafuta inakwenda kinyume: masafa ya chini, mara nyingi hiyohiyo kilohezi 20, ila nguvu kubwa. Wimbi likipita kwenye kimiminika kuna nusu inayovuta na nusu inayobana. Kwenye nusu ya kuvuta vinazaliwa viputo vidogo sana. Vikibanwa vinajifunga ghafla, na ndani ya kiputo, kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, joto hupanda hadi maelfu ya nyuzi na shinikizo hadi mamia ya angahewa. Hiyo ndiyo kavitesheni. Ndiyo inayokula propela za meli pia. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alikokotoa kiputo kinavyojifunga mwaka 1917, na mwaka huohuo mwenzake Paul Langevin kule Ufaransa alikuwa anahangaika na fuwele za kwazi zinazotoa mawimbi haya ili kuzigundua nyambizi. Fimbo aliyokuja nayo huyo muuzaji ni kizazi cha kazi ya Langevin, isipokuwa badala ya kwazi siku hizi ni seramiki.

Upande wa mafuta: HFO na mafuta ghafi mazito yana kitu kinaitwa asfaltini. Ni molekuli pana na bapa, zenye pete nyingi za kaboni, na tabia yake ni kulaliana kama chapati kwenye sahani. Marundo hayo yakishikana, mafuta yanakuwa mazito. Mawimbi yanaweza kuyatawanya, na nguvu ikiwa kubwa yanaweza hata kukata baadhi ya minyororo mirefu. Watu wamepima maabara wakaona mnato umeshuka. Warusi wamefika mbali zaidi, wameshusha vifaa vya ultrasaundi ndani ya visima vya Siberia ya Magharibi ili kuzibua mwamba ulio karibu na kisima mafuta yapate njia.

Ninachotaka uangalie ni neno lake kwamba mnato "haurudi tena". Asfaltini zilizotawanywa huanza kutafutana upya, baada ya saa au siku, isipokuwa kama umeongeza kiyeyusho cha kuzizuia. Na matokeo ya maabara hayafanani. Mafuta yaleyale yakipigwa muda mfupi mnato unashuka, yakipigwa muda mrefu mno unaweza hata kupanda, kwa sababu sehemu nyepesi zimeruka au marundo mapya yamejiunda. Kwa hiyo muulize: baada ya dakika 5 zile, mnato ulikuwa kiasi gani siku ya pili?

Chifu Mstaafu, Mombasa. Jumatano, saa 12:20 asubuhi

Mwanangu Mwanaboila, nimeisoma habari yako usiku, nimelala nayo. Huyu binti amesema vizuri, na kwenye sayansi ya viputo sina la kumwongezea. Mimi nimekaa na mafuta haya vyumba vya injini vya meli miaka mingi, nimeyachemsha, nimeyasafisha, nimeyapakua masizi kwenye nozeli. Nakuuliza jambo moja: muuzaji alipoitoa ile fimbo kwenye jagi, kuna mtu aliyetia kipimajoto?

Chukua kalamu tufanye hesabu pamoja, kwani hesabu hii itakusaidia kwa bosi kuliko maneno yangu.

Fimbo ya wati 200 kwa dakika 5, ambazo ni sekunde 300, ni kilojuli 60. Nusu lita ya HFO ina uzito wa gramu 475 hivi. Kilo moja ya mafuta inahitaji takriban kilojuli 2 kupanda nyuzi moja, basi jagi lako linahitaji kama kilojuli 0.95. Gawanya 60 kwa 0.95: unapata nyuzi 63. Sauti ikiingia kwenye mafuta mazito haina pa kwenda, inamezwa, inageuka joto. Hata ukitoa kilichopotelea hewani na kwenye kioo, mafuta yaliyoanza kwenye nyuzi 30 yamefika 80 au karibu na 90. Na HFO ya 180 ikiwa kwenye nyuzi 30 ina mnato wa sentistoki zaidi ya 500. Ikifika nyuzi 90 iko kwenye 35 hivi. Hapo mafuta yamekwisha kumiminika vile ulivyoona, na hatujahitaji kiputo hata kimoja. Ungeliweka jagi lile juu ya jiko la stima, yaani la umeme, la wati 200 ungeliona mambo yayo hayo.

Sisemi kavitesheni haikuwepo. Nasema jaribio lile halikuonyesha chochote kuihusu, maana joto limeifunika.

Sasa njoo kwenye bomba lako, hapa ndipo penye uzito. Kifaa cha bomba ni wati 500, na mafuta yanapita lita 200 kwa saa. Kila lita inapata kilojuli 9, hata tukijalia kwamba nguvu yote imepenya chuma ikaingia kwenye mafuta, na haipenyi yote. Kwenye jagi kila lita ilikuwa inapata kilojuli 120. Yaani lile jagi lilipewa nguvu zaidi ya mara 13 kuliko mafuta yako yatakavyopewa kiwandani! Kwenye bomba hizo kilojuli 9 zikigeuka joto zote hazipandishi mafuta nyuzi 5. Muuzaji ameonyesha kitu kimoja na anauza kingine.

Linganisha na hita yako. Kupandisha lita 200 kwa saa kutoka nyuzi 30 hadi 115 kunataka karibu kilowati 9. Kichomeo chako, ikiwa ni cha nozeli ya shinikizo, kinataka mafuta yafike sentistoki 15 au 20 hivi ndipo yatawanyike vizuri. Angalia kitabu chake, usinishike kwa tarakimu yangu. Kazi ya kilowati 9 haifanywi na wati 500, labda wati hizo ziwe zinabadilisha mafuta yenyewe kabisa.

Na je, zinaweza? Huko viwanda vya kusafisha mafuta kuna mtambo wa kazi hiyohiyo, kuvunja molekuli nzito ili mnato ushuke usirudi. Unachemsha mafuta kupita nyuzi 430, ndani ya tanuri, chini ya shinikizo, na mafuta yanakaa humo kwa dakika kadhaa. Hiyo ndiyo gharama ya kukata minyororo ya tani na tani za mafuta. Kiputo kimoja kikijifunga kinaweza kukata minyororo iliyo ndani yake na pembeni yake, nakubali. Lakini viputo vyako vitakuwa karibu na ukuta wa bomba tu. Mafuta mazito huyameza mawimbi haraka, na mafuta yanayopita katikati hayatasikia kitu.

Umeuliza kwa nini meli bado zinachemsha. Kwa sababu joto melini ni la bure, mwanangu. Moshi wa injini kuu unapita kwenye boila ya moshi, unatupa mvuke, mvuke unakwenda kwenye koili za matangi. Mafuta ya sentistoki 380 yanatuama tangini, tunayapeleka purifaya (mashine ya kuyazungusha ili maji na uchafu vitoke) yakiwa nyuzi 98, yanatoka, yanapita hita ya mvuke hadi nyuzi 130 au 140, na mlangoni kwa injini kipimamnato kinayasimamisha kwenye sentistoki 10 mpaka 15. Mwaka 2020 ilipoingia sheria ya salfa isizidi asilimia 0.50, mafuta mengi yalibadilika na joto likashuka, ila mtindo ni uleule. Kuchukua stima, ambayo ni nguvu ya ghali kuliko zote chomboni, uigeuze sauti, kisha sauti igeuke joto, hakuna chifu, yaani injinia mkuu wa meli, aliyekubali kwa kazi hii. Ultrasaundi tulikuwa nayo, na naiheshimu sana: beseni la kuoshea mishumaa ya filta na nozeli. Masizi yaliyoshinda brashi na dizeli yanatoka yenyewe humo. Kwenye beseni kimiminika ni chepesi, kitu cha kuoshwa kimekaa palepale, muda upo. Viputo vinafanya kazi yao.

Jambo la mwisho kabla sijaenda sokoni. Akikwambia uzime hita ili ujaribu, kataa. Mafuta mazito yakifika kwenye nozeli baridi hayatawanyiki, yanadondoka. Yanatengeneza masizi kwenye ukuta wa tanuri, na yale yasiyowaka yanakusanyika chini. Ukija kuwasha tena, yale yaliyokusanyika yanaripuka. Nimewahi kuona mlango wa boila umeng'oka kwa sababu hiyo, na aliyekuwa mbele yake hakurudi kazini.

Mwanaboila, Tanga. Jumatano, saa 1:15 usiku

Shikamoo mzee. Nashukuru sana, hesabu nimeinakili kwenye daftari la zamu.

Kipimajoto hakikutumika siku ile. Ninachokumbuka ni kwamba muuzaji alilishika jagi kwa kitambaa alipokuwa anamimina. Leo nimempigia, nikamsomea hesabu yako. Akasema joto lile ni matokeo ya molekuli kukatika. Halafu akageuza maneno, akaniambia teknolojia hii imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ghafi yenye nta, na kwamba bomba la mafuta la kutoka Uganda wangekuwa nayo wasingehitaji kulipasha joto. Hapo nikakosa jibu. Chongoleani, bomba hilo linapoishia, tunaiona hapa kwa macho, na nina binamu aliyefanya kazi huko. Je, hilo ni kweli?

Kijana wa Mkuza, Nzega. Jumatano, saa 3:30 usiku

Naomba nijibu hili la bomba, nimefanya kazi kwenye mkuza, yaani njia linamopita bomba, na pale Sojo, ambako mabomba yalikuwa yanavikwa kinga ya joto.

EACOP, ndilo bomba hilo la kutoka Uganda, ina kilomita 1,443, kutoka Kabaale, Hoima, hadi rasi ya Chongoleani. Upande wa Tanzania peke yake ni kilomita 1,147. Bomba ni la nchi 24, limefukiwa, limevishwa povu zito la kuzuia joto lisitoke, na lina mfumo wa umeme wa kulipasha pale inapohitajika. Mafuta yanatakiwa yabaki kwenye nyuzi 50. Wengi wanadhani ni kwa sababu ni mafuta mazito sana. Hapana. Ukiyalinganisha na yale ya Orinoco kule Venezuela au Athabasca kule Kanada, haya ya Ziwa Albert ni mepesi. Tatizo lake ni nta. Yakiwa ya moto yanatiririka vizuri, yakipoa hadi joto la kawaida la hewa yanaganda, unaweza kuyakata kipande.

Sasa nta na asfaltini ni mambo mawili tofauti. Nta ni minyororo mirefu iliyonyooka. Mafuta yakipoa inajipanga na kufanya fuwele, fuwele zinashikana mkono na mkono, bomba zima linakuwa jeli. Ultrasaundi inaweza kuvunja mtandao wa fuwele hizo, na jeli ikalainika. Lakini fuwele hazijaenda popote. Mafuta bado yana baridi ileile, kwa hiyo zitajipanga tena. Njia ya kuziondoa ni kuziyeyusha, na kuyeyusha ni joto. Ongeza na hili alilosema mzee, kwamba mawimbi yanamezwa haraka: kwenye kilomita 1,443 ungehitaji vifaa visivyohesabika, kila kimoja na umeme wake, chini ya ardhi, kupita Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara. Kinga ya povu ukishaivisha imevishwa.

Jirani zetu Kenya walikuta tatizo hilohilo. Mafuta ya Lokichar, Turkana, nayo yana nta. Walipoanza majaribio ya kuyasafirisha kwa malori mwaka 2018 mpaka Mombasa waliyabeba kwenye makontena ya tangi yenye kinga ya joto, na shehena ya kwanza ikaondoka kwa meli Agosti 2019. Joto tu.

Chifu Mstaafu, Mombasa. Alhamisi, saa 12:45 asubuhi

Marahaba, mwanangu. Ahsante kijana wa Nzega, malori yale nimeyaona yakiingia Changamwe.

Nataka nirudi kwenye maji, maana hapo ndipo kifaa hiki kinaweza kukudhuru na hakuna aliyekutajia. Tangi lako la nje liko pwani, Tanga, hewa ya unyevu. Kila usiku maji yanatoka jasho ndani ya tangi na kuzama chini, na bila shaka wewe unayafungulia kila asubuhi kwenye valvu ya chini. Maji haya yako salama kwako yakiwa peke yake chini. Ultrasaundi ya nguvu ni fundi hodari wa kuchanganya maji na mafuta. Inayakata maji matone madogo mno, na asfaltini zinayavika ngozi matone hayo yasiungane tena. Ukishafika hapo, mnato unapanda badala ya kushuka, maji hayatuami tena hata ukingoja wiki, na kichomeo kinatema na kuzimika.

Ajabu ni kwamba kinyume chake kinasaidia. Ukiwa na maji ndiyo yanayobeba na mafuta ndiyo matone, mnato unaanguka sana, maana kinachoteleza kwenye ukuta wa bomba ni maji. Venezuela waliuza mafuta ya namna hiyo kwa mitambo ya umeme, Orimulsion, asilimia 70 lami ya Orinoco na asilimia 30 maji, pamoja na dawa ya kuyashikilia. Na ultrasaundi ya nguvu ndogo, iliyopangwa vizuri, inaweza kuyakusanya matone ya maji mpaka yaungane na kuzama. Kwa hiyo mimi siipingi ultrasaundi. Mtu anayekuuzia lazima akwambie anafanya ipi kati ya hizi, kwa masafa gani, kwa nguvu gani kwa lita, na kwa mafuta yenye maji kiasi gani. Asiyejua maji yako ni kiasi gani hawezi kujua kifaa chake kitafanya nini kwenye tangi lako.

Wakanada ambao sehemu kubwa ya utajiri wao wa mafuta ni lami kama ile ya Athabasca, na wana kila sababu na kila senti ya kununua mashine yoyote ingeliwafaa, wanachanganya lami na mafuta mepesi sana, kama asilimia 30 hivi, ndipo ipite kwenye bomba. Bomba lao linataka mnato usizidi sentistoki 350. Ingekuwa kifaa cha kufunga kwa nje kinatosha, wao wangelikuwa wa kwanza.

Mwambie bosi asikatae wala asikubali. Aitishe jaribio la haki. Mafuta ni yaleyale, jagi lilelile, fimbo ileile, lakini mawili: jagi moja lipigwe ultrasaundi, la pili lichemshwe tu kwenye maji ya moto mpaka joto lilelile, kwa muda uleule. Yote mawili yafunikwe, mvuke mwepesi usiruke. Kisha yaachwe yapoe pamoja hadi nyuzi 50 kamili, ndipo yapimwe. Yapimwe tena kesho yake, na baada ya wiki. Tofauti kati ya jagi na jagi ndiyo kazi ya ultrasaundi. Isiyokuwa hiyo ni kazi ya joto, na joto unalo tayari.

Binti wa Maabara, Dar es Salaam. Alhamisi, saa 7:10 mchana

Mzee, hilo la jagi la pili ndilo lenyewe. Kazi nyingi dhaifu za ultrasaundi zinaangukia hapo: hakuna sampuli ya kulinganisha iliyopata joto bila sauti.

Kaka, kama hamna kipimamnato, nenda kwa wapaka rangi magari. Wana kikombe chenye tundu chini, wanapimia wepesi wa rangi. Kile chenye tundu la milimita 4 kinafaa kwa mafuta yenu yakiwa nyuzi 50. Kitumbukize kikombe na mafuta kwenye beseni la maji ya nyuzi 50, koroga taratibu, subiri kipimajoto kitulie, jaza, achia, hesabu sekunde mpaka mkondo ukatike. Rudia mara kadhaa kwa kila sampuli, kwani hata nyuzi 2 za tofauti zinabadilisha sekunde kwa kiasi kinachoonekana. Chuja mafuta kwanza, punje moja ya uchafu kwenye tundu inaharibu kila kitu.

Na kama muuzaji atashikilia kwamba molekuli zinakatika na hazirudi, basi muombe kitu cha pili: joto la kuwaka, yaani joto ambalo mvuke wa mafuta unaanza kushika moto ukikutana na cheche. Minyororo ikikatika kweli vinazaliwa vipande vyepesi, na vipande vyepesi vinashusha joto la kuwaka. Mafuta haya kwa kawaida hayaruhusiwi kuwaka chini ya nyuzi 60, hiyo ni kwa usalama wa tangi. Kwa hiyo ama joto la kuwaka halijabadilika, na madai ya kukata yana walakini, ama limeshuka, na tangi lenu sasa lina hatari mpya. Peleka sampuli zote mbili kwenye maabara yenye kipimo hicho. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kifaa.

Mwanaboila, Tanga. Ijumaa, saa 2:00 usiku

Mzee, dada, kaka wa Nzega, Mungu awabariki. Nimemwonyesha bosi hesabu ya kilojuli 9 na 120. Aliisoma kimya, akanirudishia daftari, akasema malipo yasubiri. Muuzaji amekubali kuja na fimbo yake Jumamosi ya wiki ijayo, ila ameomba jaribio liwe la siku moja tu bila kusubiri wiki. Nimemjibu kwamba sampuli zitabaki kwangu, zimefungwa, na yeye atie saini kwenye lebo.

Kikombe nimeazima gereji ya barabara ya nane. Nimejaribu leo kwenye mafuta yasiyoguswa, sekunde zinakaribiana vizuri, kwa hiyo mkono umeanza kuzoea.

Bado nina tatizo langu la Jumatatu alfajiri. Ultrasaundi iwe ama isiwe, mafuta yatakuwa yamekaza. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

Chifu Mstaafu, Mombasa. Ijumaa, saa 3:25 usiku

Hilo lina dawa, na si ya ghali.

Jumamosi kabla hujazima, badilisha boila iingie kwenye dizeli kwa dakika za mwisho, mpaka HFO yote iliyo kati ya hita na nozeli iwe imechomwa. Kwa hiyo unahitaji tangi dogo la dizeli na valvu ya njia tatu kabla ya pampu ya kichomeo. Jumatatu unawasha kwa dizeli, haina haja ya joto, unapata mvuke wa kwanza, unaupeleka kwenye koili ya tangi dogo. HFO ikifika joto lake unabadilisha taratibu. Usibadilishe ghafla: dizeli ikipata joto la HFO ndani ya pampu inageuka mvuke na pampu inakosa mafuta. Melini tulikuwa tunabadilisha joto nyuzi 2 kwa dakika, si zaidi.

Pili, angalia bomba kutoka tangi la nje. Nina hakika sehemu yake iko wazi au kinga yake imelowa mvua na kuoza. Ivue, uivishe pamba ya mwamba na bati juu yake, maungio yaangalie chini maji yasiingie. Kwenye kipande kinachonyonya cha pampu zungushia waya wa kupasha wenye thamostati, chini ya kinga. Pampu ndiyo inayolia, basi joto lipeleke kwa pampu kwanza. Ukiweka na njia ya kurudisha mafuta tangini, unaweza kuyazungusha kabla ya kuwasha, hita ikiyapitia mara kwa mara mpaka kipimajoto cha kichomeo kikupe ruhusa.

Tafuta bei ya valvu, waya na pamba, uiweke mezani kwa bosi karibu na bei ya kile kifaa. Na matokeo ya majagi tuandikie hapa, ya siku ile na ya baada ya wiki, hata kama ultrasaundi itashinda. Ikishinda kwenye nyuzi 50, jagi kwa jagi, na bado imeshinda wiki ya pili, mimi nitakuwa wa kwanza kutaka kujua ilivyofanya.